Arobaini Ikiisha, Nani Anampima Mama?

Siku ya kliniki ya watoto huku Iringa Vijijini huanza ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Akina mama wanafika mmoja mmoja, watoto mgongoni, sweta juu ya kitenge, kadi imeviringishwa kwenye kitambaa isilowe. Zamu ikifika, mtoto anavuliwa nguo, anatiwa kwenye ule mfuko wenye matundu ya miguu, ananing'inizwa kwenye mizani, naye anaangua kilio ambacho wenzake wote waliobaki kwenye benchi wanakiitikia. Nesi anasoma kilo, anatia nukta kwenye chati, anachoma chanjo, anaandika tarehe ya kurudi. Mama anamvika mwanawe, anambeba, anashika njia. Yeye mwenyewe, mara nyingi, hakuna aliyemuuliza hali zaidi ya salamu.

Mashine ya presha ipo, tena hatua chache tu kutoka hapo, kwenye chumba cha wajawazito. Makala hii inahusu hizo hatua chache.

Tosamaganga iko kilomita zipatazo 15 kutoka Iringa mjini, kwenye vilima vya upande wa Kalenga, ilikokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Wengi nchini wanaijua kwa shule yake ya sekondari, "Tosa", na wengine kwa misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, kisha baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikashikwa na Wakonsolata kutoka Turin, Italia. Kwa mjamzito wa wilaya hii, Tosamaganga maana yake ni hospitali. Hospitali ya Mtakatifu Yohane wa Msalaba ni mali ya Jimbo Katoliki la Iringa, na ndiyo hospitali teule ya halmashauri. Zahanati ikishindwa, kituo cha afya kikishindwa, mama analetwa hapa. Mwaka 2012 shirika la madaktari la CUAMM, lenye makao yake Padova, lilipoanza mpango wake wa kuwatanguliza mama na watoto, lilichagua hospitali nne barani Afrika: Wolisso ya Ethiopia, Aber ya Uganda, Chiulo ya Angola, na Tosamaganga.

Miongoni mwa wanaoletwa hapo mbiombio ni wenye presha ya ujauzito. Presha hiyo ina sura zaidi ya moja. Kuna mama aliyekuwa nayo kabla hajashika mimba, pengine bila kujijua. Kuna anayepandwa na presha baada ya wiki ya 20, ikafika 140 kwa 90 au kuvuka, na isiambatane na jambo lingine. Halafu kuna yule ambaye presha inakuja na protini kwenye mkojo, au ini na figo zinaanza kuyumba, kichwa kinamuuma kisitulizwe na panadoli, macho yanaona vimulimuli, tumbo linauma chini ya mbavu za kulia. Huyo yuko ukingoni mwa kifafa cha mimba. Miguu kuvimba peke yake haitoshi kusema lolote, maana wajawazito wengi huvimba miguu wakajifungua salama, na wapo waliopata kifafa miguu yao ikiwa myembamba kama kawaida. Mashine na kipimo cha mkojo ndivyo vinavyosema.

Katika hatua hii tiba inajulikana na, tuseme ukweli, hospitali zetu zimejifunza kuitumia. Dawa za kushusha presha zipo, na kuzuia degedege kuna magnesiamu salfeti, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba magnesiamu inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Lakini tiba yenyewe hasa ni kujifungua. Ugonjwa huu chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma, na kondo likishatoka mwili unaanza kutulia.

Na hapo ndipo kosa linapozaliwa. Kwa kuwa presha hushuka, wote wanaomzunguka mama, kuanzia wodini hadi jikoni kwa mama mkwe, wanamwambia neno moja: imekwisha, mshukuru Mungu. Anarudi nyumbani, anakaa arobaini, anapikiwa uji na supu. Arobaini ikiisha anatoka nje, anashika jembe, na habari ya presha inabaki kuwa simulizi ya jinsi fulani alivyonusurika.

Ajabu ni kwamba mfumo wa afya nao una arobaini yake. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani inahesabu kuwa kifo cha uzazi kile kinachompata mwanamke akiwa mjamzito au ndani ya siku 42 tangu mimba iishe. Ratiba yetu ya kumwona mama baada ya kujifungua nayo inakomea siku hiyo hiyo. Hata m-mama, ule mpango mzuri wa kupiga 115 bure ukaletewa gari la dharura, umejengwa juu ya siku hizo. Katika mipaka hiyo tumefanya kazi kubwa: utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulipata vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulipata 556. Ni mafanikio ya kujivunia, sina nia ya kuyakebehi. Ninachouliza ni habari za siku ya 43. Mwanamke akianguka shambani kwa kiharusi akiwa na miaka 44, na yule mtoto wa presha yuko kidato cha pili, hakuna kitabu hata kimoja kinachounganisha mambo hayo mawili. Msibani watasema presha imemuua ghafla. Wala haikuwa ghafla.

Uhusiano huo haubuniwi. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za wanawake zaidi ya milioni tatu, karibu 200,000 kati yao wakiwa wamepata presha ya ujauzito yenye protini kwenye mkojo. Ukiwalinganisha na wenzao, hawa walikuwa na uwezekano wa kupata shinikizo la damu la kudumu karibu mara nne, ugonjwa wa mishipa ya moyo mara mbili, na kiharusi karibu mara mbili. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2017 ulipata kwamba moyo kushindwa kufanya kazi kuliwapata takriban mara nne. Norway, ambako kila kizazi kimeandikwa kwenye daftari la taifa tangu mwaka 1967, waliangalia akina mama ambao presha iliwalazimu wajifungue kabla ya miezi kutimia. Hatari yao ya kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ilikuwa mara nane ya wale waliojifungua kwa wakati bila presha.

Mtu atasema hao ni Wazungu. Hoja ina uzito kidogo. Daftari la namna hiyo sisi tunalo kwa uchache mno, na linalofahamika zaidi ni la hospitali ya KCMC, Moshi, lililoanzishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen cha hukohuko Norway. Lakini mishipa ya damu haina uraia. Na kama kuna tofauti, haitupendelei: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu asilimia 26 ya Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, na utafiti wa zamani zaidi uliofanywa Ilala na wilayani Hai ulikuta wanaojua kuwa wanalo hawafiki hata mmoja kati ya watano.

Kwa nini mimba iache deni la miaka 20? Lori bovu huwezi kulijua likiwa tambarare ya Ruaha Mbuyuni. Utalijua likianza kupanda mlima wa Kitonga. Ujauzito unaongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na moyo unalazimika kusukuma zaidi kwa asilimia 30 hadi 50. Mwanamke mwenye mishipa dhaifu au mwelekeo wa presha katika ukoo wao anaweza kuishi miaka mingi bila dalili, mpaka mlima huo umfichue. Injini ikichemka Kitonga, kufika Ilula ikapoa si sababu ya kuisahau.

Upo upande wa pili pia. Mwaka 2003 kikundi cha watafiti wa Boston, akiwemo Ananth Karumanchi, kilionyesha kwamba kondo lenye hitilafu linamwaga ndani ya damu ya mama protini inayoziba kazi ya vichocheo vya kutunza ngozi ya ndani ya mishipa. Ngozi hiyo ikijeruhiwa, mishipa inakakamaa, figo zinavuja, presha inapaa. Je, jeraha hilo linapona lote? Wataalamu wanabishana, wengine wakisema mimba inafichua tu, wengine wakisema inaharibu pia. Kwa mama wa Tosamaganga ubishi huo haubadilishi kitu. Iwe hivi iwe vile, anahitaji kupimwa.

Hatari yenyewe haingoji uzee. Presha hupanda tena siku ya tatu hadi ya sita baada ya kujifungua, wakati mama wengi wameshakwenda zao nyumbani, na kifafa kinaweza kumjia mtu aliyekwisha kujifungua. Wapo pia ambao katika miezi ya mwanzo misuli ya moyo inalegea. Mama anahema akipanda mwinuko aliouzoea, usiku hawezi kulala chali, miguu inavimba upya wakati ilipaswa kupungua. Ndugu wanasema ni uchovu wa kulea. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na ikibidi apate rufaa ya Iringa mjini, au Mbeya kwenye hospitali ya rufaa ya kanda, apigwe picha ya moyo.

Sasa turudi kwenye benchi la chanjo, maana naamini jibu liko pale. Mtoto wa Kitanzania anachanjwa akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na mwaka mmoja na nusu. Angalia kalenda hiyo kwa jicho la presha. Kwa kawaida presha ya ujauzito inatakiwa iwe imeisha ndani ya wiki 12. Ikiwa juu bado baada ya hapo, si ya ujauzito tena, ni ugonjwa wa kudumu unaotaka dawa. Wiki ya 14, siku ya chanjo, ndiyo siku ya kujua. Miezi 9 ni ya kuhakikisha, mwaka na nusu vilevile. Kalenda imeshatengenezwa, karatasi imeshachapwa, na mama anakuja kwa miguu yake mwenyewe. Ukimpa tarehe nyingine ya kliniki ya presha, na nauli ya bodaboda, na palizi inamsubiri, hatakuja. Kwa chanjo ya mtoto atakuja hata mvua inyeshe.

Manesi wakisoma hapa watacheka kwa uchungu. Nesi mmoja, watoto sitini, rejesta tano, bado tumwongezee kupima mama zao? Sikubaliani na wanaoona hilo ni kisingizio, kwa kuwa ni kweli tupu. Lakini si kila mama anahitaji. Wanaohitaji kwanza ni wale wenye historia, na historia hiyo imeandikwa kwenye kadi ya ujauzito ambayo baada ya arobaini hakuna anayeitazama. Mkunga akichora alama ya kalamu nyekundu kwenye kadi ya mtoto siku mama anaruhusiwa kutoka wodini, nesi wa chanjo atamjua bila kuuliza. Na si lazima apime nesi. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango mpya wa wahudumu wa afya wa jamii. Mhudumu aliyefundishwa anaweza kukaa na mashine mwisho wa benchi. Zipo mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya mazingira kama haya: ile iitwayo CRADLE, iliyobuniwa King's College London na kutumika katika utafiti mkubwa uliohusisha Uganda, Malawi na Zambia, inachajiwa kwa chaja ya simu na inawasha taa ya kijani, njano au nyekundu, hata asiye mtaalamu akaelewa.

Ila ipimwe inavyotakiwa. Huku kwenye baridi kuna kasoro moja inayojirudia: mkanda wa mashine unafungwa juu ya sweta. Au mkono wa sweta unakunjwa mpaka unabana kama kamba, kisha mkanda unafungwa chini yake. Namba zinazotoka hapo ni za sweta. Mkono uwe wazi, uegemezwe mezani usawa wa moyo, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini bila kupishana, na mama awe amepumzika dakika tano tangu alipomaliza kupanda kilima. Asiwe ananyonyesha wakati huohuo, wala asiongeleshwe. Ikitoka juu, irudiwe. Mwenye mkono mnene apewe mkanda mpana, la sivyo mashine itamsingizia presha.

Kwamba juhudi za mapema zinalipa, ushahidi upo. Mwaka 2023 watafiti wa Oxford waliwapa akina mama waliotoka kwenye presha ya ujauzito mashine za kujipimia nyumbani, na dawa zikawa zinaongezwa au kupunguzwa kwa kufuata vipimo hivyo katika wiki sita za mwanzo. Miezi tisa baadaye presha yao ilikuwa chini kuliko ya wenzao waliofuata utaratibu wa kawaida, ya juu kwa pointi 6 na ushee na ya chini kwa karibu 6, ingawa wengi walikuwa wameacha dawa. Pointi 6 mtu anaweza kuziona ndogo. Kwa mwanamke wa miaka 30 aliye na miaka mingine 40 mbele yake, si ndogo hata kidogo.

Kikwazo kinachofuata ni pesa. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wamesamehewa gharama kwenye vituo vya umma na hospitali teule. Mama aliyekwisha kulea hana msamaha. Dawa za presha si ghali kidonge kwa kidonge, ila ni za kila siku, na kila siku ndiyo inayomshinda anayeuza mahindi mara moja kwa mwaka. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulianza na mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na kwa nyumba yenye mgonjwa wa presha mchango huo ulirudi mapema. Tosamaganga ina kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza, wanakofuatiliwa wagonjwa wa presha na kisukari. Ningependa kuona wodi ya wazazi inamkabidhi mama kwenye kliniki hiyo kwa mkono, jina kwa jina, badala ya kumwambia tu kwamba ipo. Asiogope pia kunyonyesha kwa sababu ya dawa. Nifedipini na enalaprili zinatumika kwa wanaonyonyesha, na kunyonyesha kwenyewe kunahusishwa na mioyo yenye afya zaidi kwa akina mama. Enalaprili ndiyo ya kuwa nayo macho, maana haifai akishika mimba tena.

Ushauri wa chakula na mazoezi tunaopewa umeandikwa kwa ajili ya watu wa ofisini. Kumwambia mama anayebeba kuni na ndoo ya maji kwenye vilima hivi kwamba afanye mazoezi dakika 30 kwa siku ni kumfanyia mzaha. Ushauri huo umfae dada yake aliyehamia Mafinga au Iringa mjini, anayekaa dukani kutwa na kupanda bajaji jioni. Wa kijijini mzigo wake ni chumvi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, sawa na kijiko cha chai, nacho kinahesabu maharage, mboga, kachumbari na vile viungo vya pakiti vya mchuzi ambavyo vyenyewe vimejaa chumvi. Moshi wa jikoni nao unaumiza mishipa. Pombe kama ulanzi na komoni sina haja ya kuzieleza, wenyewe wanajua zinavyonyweka.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni uzazi wa mpango. Mwanamke aliyetoka kwenye presha ya ujauzito asichukue tu vidonge alivyopewa shoga yake. Vidonge vya vichocheo viwili vinaweza kupandisha presha. Kitanzi, kijiti au vidonge vya kichocheo kimoja vinamfaa zaidi, na nafasi kati ya mtoto na mtoto inampa muda wa kutibiwa kabla ya kushika mimba nyingine.

Mimba hiyo nyingine ndiyo nafasi ambayo mama aliyeambiwa "imekwisha" anaikosa. Aliyewahi kupata presha ya ujauzito yuko katika hatari ya kuipata tena, na kuna njia za kupunguza hatari hiyo. Ya kwanza ni kalsiamu, kwa akina mama ambao chakula chao hakina maziwa ya kutosha. Utafiti uliochapishwa mwanzoni mwa 2024, uliohusisha wajawazito 11,000 wa Dar es Salaam na wengine idadi hiyohiyo wa India, wote wakiwa kwenye mimba ya kwanza, ulionyesha kwamba miligramu 500 kwa siku hazikupitwa na 1,500 katika kuzuia presha hiyo, maana yake kidonge kimoja kikafanya kazi ya vitatu. Ya pili ni aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150 kwa siku, kwa maelekezo ya daktari. Hiyo inaanzwa baada ya wiki ya 12, na inafanya kazi vizuri ikianza kabla ya ya 16. Anayesubiri tumbo lionekane ndipo aende kliniki, akafika mwezi wa tano au wa sita, na akiulizwa habari za mimba iliyopita akajibu kwamba alijifungua salama, hataandikiwa aspirini, na hata akiandikiwa siku hiyo, muda wake mzuri umeshampita.